Risasi ya mtutu wa pili imerefuka: kubana au kutobana mdomo wa ganda

Anayejaza risasi mwenyewe kwa bunduki ya mitutu miwili ya .450, .470, .500 au .577 Nitro Express (kalibre za kuwindia wanyama wakubwa) huuliza: abane mdomo wa ganda juu ya kichwa, au aache? Jibu fupi ni: bana. Ila kibano, yaani huo mkunjo wa mdomo, ni komeo tu. Kinachoshika kichwa cha risasi ni shingo ya ganda, na shingo ikiwa legevu hakuna kibano kitakachoiokoa. Matatizo mengi kinayobebeshwa kibano, ukiyafuata hadi mwisho, unayakuta shingoni.

Katika maelezo haya risasi ni kitu kizima, kichwa ni kile kinachotoka mtutuni, ganda ni nyumba yake ya shaba ya njano, na fataki ni ile inayogongwa na pini. Vipimo ni milimita, kwa sababu kalipa (vipimio vya taya) za atelie za Lubumbashi zinasoma milimita. Jedwali la kujazia likikupa inchi, zidisha kwa 25.4. Uzito wa baruti hautajwi hapa. Chukua ule ulioandikwa na mtengenezaji wa baruti yenyewe kwa kalibre yako na kichwa chako, na anzia kiwango cha chini.

Kuhusu sheria: Kongo silaha na risasi zinasimamiwa na Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Usijaze risasi bila kibali kinachotaja kazi hiyo. Mtu wa Lubumbashi anayefanya kazi na kampuni ya uwindaji ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, yaani Zambia, au Tanzania, ajaze kule kule kibali kilikotolewa, wala asivuke mpaka na baruti kwenye begi.

Kichwa kinasogea upande gani, na kwa nguvu gani

Aliyezoea bunduki ya magazini anakuja na hofu iliyogeuka. Kwenye magazini, bunduki inarudi nyuma ghafla, risasi zilizobaki zinagonga ukuta wa mbele wa sanduku la magazini, na kichwa kinasukumwa kuingia ndani ya ganda. Risasi inafupika. Kwenye mitutu miwili hakuna sanduku. Risasi ya pili imekaa chemba (nafasi ya risasi nyuma ya mtutu), ukingo wa kitako chake umeshikwa kati ya mtutu na uso wa kifungio. Mtutu wa kwanza ukilia, bunduki inarudi nyuma na ganda inalivuta pamoja nayo. Kichwa, kwa uzito wake, kinataka kubaki pale kilipokuwa. Matokeo yake kichwa kinatoka kwenda mbele na risasi inarefuka. Ukipima ukitafuta risasi iliyofupika utasema kila kitu ni salama, kumbe si salama.

Nguvu yenyewe inahesabika. .470 inafanya kazi kwa shinikizo la juu la takriban baa 2,700, na kichwa chake kina kipenyo cha milimita 12.04. Shinikizo hilo juu ya kitako cha kichwa ni msukumo wa karibu niutoni 30,700. Gawanya kwa uzito wa bunduki, tuseme kilo 5, halafu zidisha kwa uzito wa kichwa kilichobaki chemba, greni 500, yaani gramu 32.4. Unapata karibu niutoni 200, sawa na mzigo wa kilo 20, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Shingo na kibano kwa pamoja lazima vishike zaidi ya hapo. Bunduki ikiwa nyepesi au kichwa kizito, mzigo unapanda: .577 yenye kichwa cha greni 750 ndani ya bunduki iliyopunguzwa uzito ni kesi mbaya kuliko zote.

Dalili: risasi ya mtutu usiopigwa imerefuka

Jaribio linafanyika uwanja wa shabaha, si porini. Chukua risasi moja uliyojaza, piga mstari wa wino mwembamba kuzunguka kichwa pale mdomo wa ganda unapokigusa, na upime urefu wote. Kwa kichwa cha ncha laini usitegemee urefu peke yake, maana risasi-laini (ile metali laini ya risasi) ya ncha inabonyea hata kwa taya za kalipa. Mstari wa wino ndio shahidi. Weka risasi hiyo mtutu wa kushoto, nyingine mtutu wa kulia, piga wa kulia tu. Fungua, toa ile ya kushoto, angalia, pima, irudishe, piga wa kulia tena. Mara tatu zinatosha. Kama wewe huanza na mtutu wa kushoto, geuza jaribio.

Tofauti ya milimita 0.05 ni mkono wako na kalipa. Kuanzia 0.1 kichwa kimetembea, na risasi za fungu hilo haziendi kwa nyati. Ukiona mikwaruzo midogo iliyopangika kuzunguka kichwa, kimefika kwenye mifereji ya mtutu: shinikizo la risasi hiyo litapanda, na ukifungua bunduki bila kuipiga, kichwa kinaweza kubaki mtutuni huku ganda likitoka na kumwaga baruti ndani ya kifungio.

Likitokea hilo, usiweke risasi nyingine. Tenganisha bunduki, toa mitutu kwenye fremu, pukuta baruti yote, chungulia mtutu kutoka upande wa chemba. Kichwa kirudishwe kwa fimbo ya shaba ya njano iliyoingizwa kutoka mdomoni mwa mtutu, kikitokea upande wa chemba. Gonga taratibu. Fimbo ya chuma itaacha jeraha kwenye mifereji.

Sasa sababu, kuanzia ile inayokutwa zaidi.

Shingo ni pana. Baada ya kurekebisha ganda (kulirudisha kwenye kipimo chake kwa kalibu ya mashine) na kabla ya kuingiza kichwa, kipenyo cha ndani cha shingo kiwe pungufu ya kichwa kwa milimita 0.05 hadi 0.08. Kwa .470 hiyo ni kati ya 11.96 na 11.99. Ikizidi, tatizo ni kitanuzi, ile pini nene inayopita ndani ya shingo: ama ni cha kipimo kingine, ama kimetengenezwa kikubwa. Kitoe, kifunge kwenye mashine ya kuchonga au hata drili, kipunguze kwa msasa laini wenye mafuta, 0.02 kwa mara, ukipima.

Shingo ni ngumu. Shaba ya njano ya maganda ni shaba na zinki, 70 kwa 30. Mji uliokua juu ya shaba, na Kipushi yenye zinki ikiwa jirani, hauhitaji kuelezwa kwamba metali hii ikifinywa na kutanuliwa mara nyingi inakakamaa. Shingo iliyokakamaa inarudi nyuma kama springi baada ya kurekebishwa na haikumbati kichwa. Dawa ni moto: simamisha maganda matupu, yasiyo na fataki, ndani ya sinia la maji yanayofika nusu ya ganda. Pitisha kichomeo cha gesi, kile mafundi wa Katuba, Lubumbashi, wanachoita shalumo, kuzunguka shingo hadi rangi ibadilike, kisha liangushe ganda majini. Fanya kazi kwenye kivuli, na uache kabla shingo haijawaka nyekundu. Ukivuka hapo inakuwa laini kama bati na haishiki tena. Moto usifike kitako kamwe. Kitako kilicholainika kinapasuka chemba, na mbele ya kitako hicho ni uso wa mpigaji.

Mafuta ndani ya shingo. Yale ya kurekebishia ganda yakibaki, kichwa kinateleza. Futa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.

Kibano kimepiga nje ya mtaro. Kichwa cha kalibre hizi huwa na mtaro wa kubania uliozunguka mwili wake. Mdomo wa ganda uwe katikati ya mtaro. Ukiwa juu yake au chini yake, kibano kinaminya ubavu laini wa kichwa. Hapo kiini cha risasi-laini kinabonyea na kubaki kimebonyea, lakini shaba ya njano inarudi kidogo, na kati yao panabaki uwazi. Umebana, na sasa kichwa kimelegea kuliko kabla hujabana. Hii ndiyo kesi inayowafanya wengine waape kwamba kubana ni upuuzi.

Kuna kipimo rahisi kabla ya kupiga hata risasi moja. Tengeneza risasi bubu: ganda lililorekebishwa, kichwa kimeingizwa, hakuna fataki, hakuna baruti, hakuna kibano. Piga mstari wa wino. Weka mizani ya kupimia watu mezani, kibao kigumu juu yake, simamisha risasi ncha ikielekea chini, kandamiza kitako kwa kiganja kilichovaa glavu hadi mizani isome kilo 20. Kichwa kikizama, shingo haifai, na usiendelee na kibano mpaka shingo ipone. Ni kweli hapa kinasukumwa ndani badala ya kuvutwa nje, lakini msuguano wa shingo ni uleule pande zote mbili.

Dalili: risasi inarefuka yenyewe ikiwa kwenye boksi

Haijapigwa chochote, na asubuhi imerefuka milimita moja. Baruti imeshindiliwa kupita kiasi, au kijazio juu yake ni kingi, na inasukuma kichwa nje. Kibano kigumu zaidi kinaficha tu. Badili baruti kwa inayochukua nafasi ndogo, au imimine polepole kupitia mrija mrefu ili ilale vizuri. Kama unatumia sufi au sponji kushikilia baruti karibu na fataki, tumia pale tu jedwali linapoitaja na kwa kiasi kilichoandikwa. Kijazio si kitu cha kubuni.

Dalili: risasi haiingii chemba, au bunduki inakataa kufunga

Usiilazimishe. Bunduki ya magazini ina boliti yenye nguvu ya kusukuma risasi kaidi. Ya mitutu miwili haina, na kila ukiifunga kwa kupiga goti unakula bawaba na ndoana zake. Ukarabati wake ni bei ya gari.

Karibu kila mara bega la ganda limevimba. Ganda la .470 lina umbo la chupa na ukuta wake si mnene. Kalibu ya kubana ikishushwa mno, mdomo unagonga, shingo haina pa kwenda, bega linafura. Uvimbe wa milimita 0.05 huuoni kwa jicho, ila chemba inauona. Maganda yaliyonyooka ya .450 na .577 yanafura chini kidogo ya mdomo badala ya begani.

Sababu mbili zinazalisha hili. Ya kwanza ni urefu wa maganda usiolingana. Ganda la .470 lina urefu wa 82.55, yakate yote yafike 82.3, tofauti kati yao isizidi 0.1. Ganda refu linabanwa mno, fupi halibanwi, ndani ya fungu moja na kalibu ileile. Ya pili ni kuingiza kichwa na kubana kwa mpigo mmoja: kichwa bado kinashuka wakati mdomo umeshaanza kukunjwa ndani ya mtaro, na ukingo wa mtaro unausukuma mdomo chini. Tenganisha hatua hizo. Inagharimu mvuto mmoja zaidi wa mkono wa mashine.

Jinsi ya kuseti kalibu ya kubana kwa kukunja: ingiza vichwa vyote kwanza, kalibu ikiwa imeinuliwa isiguse mdomo, hadi mdomo uwe katikati ya mtaro. Ukilazimika kukosea, kosea mdomo ukae karibu na ukuta wa mtaro ulio upande wa kitako cha kichwa, kwa maana ndio utakaogonga kibano kichwa kikivutwa mbele. Kisha toa shina la kuingizia kichwa. Pandisha risasi bubu hadi juu, shusha kalibu kwa mkono mpaka iguse mdomo. Teremsha risasi, zungusha kalibu sehemu ya nane ya mzunguko, bana, angalia. Kalibu zenye nyuzi 14 kwa inchi hushuka 1.81 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo sehemu ya nane ni 0.23, nayo ni nyingi. Ya mwisho iwe ya kumi na sita. Simama pale ukingo wa mdomo ulipoingia mtaroni na ukucha ukipita kutoka kichwani kwenda kwenye ganda haukwami. Pima bega kabla na baada. Likikua hata 0.02, rudisha kalibu juu.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kifaa. Toa mitutu kwenye fremu, isimamishe midomo ikielekea chini, angusha risasi bubu ndani ya kila chemba. Iingie kwa uzito wake na ukingo wa kitako ukae sawa na uso wa mtutu. Jaribu chemba zote mbili. Chemba za bunduki kongwe hazilingani daima, na risasi inayopenda kulia yaweza kukataa kushoto. Risasi zote za safari, baada ya kujazwa, zipite hapo pia mitutu ikiwa imetolewa. Hakuna visingizio kwa hili. Ni kazi ya robo saa.

Ganda lililovimba haliponi kwa kubanwa tena. Ng'oa kichwa kwa kifaa chake, mwaga baruti, rekebisha upya au tupa.

Dalili: mitutu haipatani tena kwenye karatasi

Bunduki hizi zimepangwa kiwandani ili mitutu yote miwili ipige pamoja kwa mwendo fulani wa kichwa. Kwa .470 mwendo wa kawaida ni karibu mita 655 kwa sekunde na greni 500; .500 ni mwendo huohuo na greni 570. Mwendo ukipungua, kichwa kinakaa mtutuni muda mrefu, bunduki inapata nafasi ya kuyumba upande wa mtutu uliopigwa, na matundu yanaachana: wa kulia unapiga kulia, wa kushoto kushoto. Mwendo ukizidi, yanapishana na kuvuka.

Kibano kinaingia hapa kwa njia ya baruti. Maganda haya yalibuniwa enzi za baruti nyeusi na kordaiti (baruti ya zamani ya nyuzinyuzi) na ni makubwa kwa baruti za leo. Shinikizo likiwa la chini, baruti ya mwendo wa polepole inahitaji kizuizi kidogo mwanzoni ili iwake sawasawa. Vibano visivyolingana vinatoa miendo isiyolingana. Ukikuta punje za baruti zisizoungua mtutuni, au unasikia fataki halafu kimya kidogo ndipo mlio, kagua kwanza kama maganda yana urefu mmoja na vibano viko sawa, kisha nguvu ya fataki. Risasi ikichelewa hivyo, weka mitutu ikielekea uwanjani, hesabu hadi 30 kabla ya kufungua.

Ukibadili kibano umebadili risasi. Kutoka kutobana hadi kubana, rudi kiwango cha chini cha jedwali na upande upya. Pia jaribu kwenye joto la kazi: risasi iliyopangwa Lubumbashi mwezi wa sita, asubuhi ya baridi, haitakuwa ileile kwenye joto la bonde la Luangwa, Zambia, mwezi wa kumi. Baruti nyingi husukuma zaidi zikiwa na joto, na risasi zilizoachwa juu ya dashibodi zinaweza kuvusha mitutu bila mtu kubadili chochote.

Dalili: kichwa hakina mtaro

Vichwa vya shaba tupu au shaba ya njano, vilivyochongwa kutoka kipande kimoja, mara nyingine vina mikanda mingi badala ya mtaro mmoja. Bana ndani ya mkanda ambao urefu wa risasi unakubali. Havibonyei, kwa hiyo vinasamehe kibano kikali. Lakini mtutu mkongwe wenye kuta nyembamba hausamehi kichwa kigumu kisicho na mikanda. Muulize fundi bunduki kwanza.

Kichwa chenye ubavu mtupu, bila mtaro wala mikanda, kisikunjiwe mdomo. Tumia kalibu ya kubana kwa mteremko, au ile yenye vidole inayominya mdomo kutoka pande zote, na kwa wepesi. Tegemea shingo. Lakini kwa bunduki itakayokutana na nyati au tembo, nunua kichwa chenye mtaro na mjadala uishe.

Dalili: midomo inapasuka

Ufa mwembamba unaoanzia mdomoni baada ya kupiga mara chache ni kibano kikali juu ya shaba iliyokakamaa. Ganda lenye ufa ni takataka, usilikate likawa fupi ili liendelee. Yaliyobaki yapige moto kama ilivyoelezwa juu, punguza kalibu sehemu ya kumi na sita, na weka hesabu ya mijazo kwa kila boksi.

Mitutu yote miwili ikilia kwa mguso mmoja, hilo si la kibano. Ni vifyatuo au kidole, na ni la fundi bunduki.

Njiani na mkandani

Barabara yenye makunyanzi inatikisa vichwa kuliko uwanja wa shabaha unavyoonyesha. Sanduku la plastiki lenye tundu kwa kila risasi, ncha chini, linatosha; risasi zilizotupwa huru kwenye kopo la chuma zinagongana na kuharibu midomo. Mkanda wa ngozi uvaliwe mchana tu. Ngozi ina tindikali ya kutengenezea, na msimu wa mvua ganda linaota kutu ya kijani ndani ya siku chache. Kutu hiyo ikijikusanya ukingoni mwa mdomo, pale pale kwenye kibano, risasi inakwama chemba nusu njia. Futa kwa kitambaa kikavu, idondoshe tena kwenye mitutu iliyotolewa, na ile isiyoshuka yenyewe itoe kwenye fungu.